Ni kazi gani ya sanaa iliwahi kukushika ukashindwa kuondoka? Mimi ilinikuta Mkunazini

Dereva wa Hiace (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mimi si mtu wa sanaa. Kwangu ukutani kuna kalenda ya duka la vipuri na picha ya harusi, basi. Ila kuna jambo limenitokea na hii ni wiki ya tatu nimelibeba. Nikimsimulia mke wangu ananiambia ni uchovu, kwa hiyo nimelileta huku.

Naendesha wageni hapa Unguja, mwaka wa tisa sasa. Njia ni zile zile: bandarini, hotelini, mashamba ya viungo, Jozani kwa kima punju, halafu Mji Mkongwe. Mkunazini nawashusha kwenye kanisa kuu la Waanglikana, pale palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Mtembeza wageni anawapokea, mimi nanunua karanga, nazunguka zunguka uwanjani nikisubiri.

Ambao hamjafika: uwanjani pale kuna shimo la pembe nne, na ndani yake wamesimama watu watano wa rangi ya saruji, wamefungwa mnyororo shingoni. Kazi hiyo ilifanywa na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, mwaka 1998. Sanamu ni mpya, ila mnyororo ni wa kweli, wa enzi zile. Haya nayajua kwa kuyasikia tu. Nimeyasikia wakielezwa wageni mpaka naweza kuyasema usingizini kwa Kiitaliano.

Siku hiyo ikanyesha ghafla. Nikatoka garini na miavuli miwili kuwafuata wageni wangu. Familia, wana mtoto wa kike wa kama miaka sita. Upepo ukamvua kofia, ikaruka hadi shimoni. Mtoto analia, mama mtu anaangalia simu, nikasema ngoja niitoe. Nikachuchumaa ukingoni, nikawa naivuta kwa mpini wa mwavuli.

Nilipoinua macho, uso ulikuwa mbele yangu.

Nimewapita wale watu mara mia ngapi sijui, lakini siku zote nikiwa nimesimama wima, wao wamo chini. Ukisimama unaona vichwa na mabega. Ukichuchumaa unaona nyuso, na kila mmoja ana wake. Maji ya mvua yalikuwa yakimchuruzika yule aliye karibu, shavuni, kidevuni, yanagota kwenye chuma, yanadondoka. Sikusikia huzuni. Ningesikia huzuni nisingekuja kuandika, maana pale kila mtu anahuzunika, imo kwenye ratiba. Nilichosikia ni aibu. Masikio yalipata moto kama mtu aliyekamatwa anachungulia.

Usiku ndio nikaipata sababu. Zamani ni nani alikuwa akisimama hivi, wima, juu ya watu kama wale, akiwakagua huku anatafuna kitu? Mnunuzi. Miaka tisa mimi nasimama pale pale pa mnunuzi, na karanga zangu.

Sasa naomba na ninyi mniambie. Iwe sanamu, mchoro, kinyago, hata mlango wa mtu. Kazi ya mikono ya mtu iliyokushika ukabaki umeganda. Na ulisikia nini hasa? Msiniambie "iliniburudisha".

---

Kigoda cha Mbele

Nimeweka kigoda. Leteni visa.

---

Profesa wa Kijiweni

Uzi bila picha ni chai.

---

Dereva wa Hiace

Mkuu, mkono mmoja ulikuwa na mwavuli, wa pili na kofia ya mtoto wa watu. Ningepiga picha kwa meno?

---

Mwana wa Ng'ambo

Mleta mada umenigusa pabaya. Mimi mzaliwa wa hapahapa, skuli nimesoma hapa, na nimeingia pale mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na moja. Na sikuingia kwa hiari yangu, alikuja mgeni kutoka Muscat, jamaa yetu, akataka kupaona.

Wabara hamwezi kulielewa hili vizuri, samahanini. Kwetu hilo jambo halizungumzwi. Utumwa ulifutwa kisheria hapa mwaka 1897, kwa hiyo bibi yangu aliwakuta wazee waliozaliwa ndani yake, akala nao sahani moja. Ukimuuliza, "bibi, sisi asili yetu wapi?" anakwambia, "Asili yako tumboni kwa mama yako, kachote maji." Ukirudia anakasirika. Kwenye mtaa wetu ukitaka ugomvi usiokwisha, mwambie mtu babu yake alikuwa wa nani.

Basi nikasimama pale na yule jamaa yetu. Yeye ana ile asili ya kwa baba, waliokuwa na mashamba ya karafuu na watu wa kuyalima. Mimi kwa baba ni huko huko, sisi ni damu moja. Kwa mama, kwa dalili zote, ni wale wa shimoni. Hakuna aliyewahi kunitamkia, lakini nina macho, na bibi alikuwa na alama usoni ambazo hazikuchanjwa Unguja.

Yule jamaa akafungua mikono akaomba dua. Mimi sikuweza hata dua. Nilikuwa natafuta kwenye zile nyuso tano kama kuna mwenye pua ya bibi. Naapa, natafuta pua!

Wewe uliona umesimama pa mnunuzi ukaona aibu, ukachuchumaa, ikaisha. Mimi nisimame juu au nishuke?

---

Kigoda cha Mbele

Duh.

---

Dereva wa Hiace

Ndugu yangu, sina jibu. Ila haijaisha. Nimesema nimeibeba wiki ya tatu.

---

Profesa wa Kijiweni

Niwapunguzie machozi kidogo. Mleta mada, wageni wako baada ya shimo wanapelekwa kwenye yale mahandaki ya chini ya jengo la jirani, wanaambiwa watumwa walikuwa wanarundikwa humo. Wapo wanahistoria wanaolikataa hilo. Lile jengo walilijenga wamisionari baada ya soko kufungwa, kwa ajili ya hospitali yao, na vile vyumba vya chini huenda ni stoo zao tu. Watu wanalilia stoo ya dawa.

Sibishi biashara ya utumwa, msinirukie. Soko lilikuwepo, watu waliuzwa. Nauliza tu: hisia uliyoipata mahali ambapo umedanganywa, ni hisia halali?

---

Dereva wa Hiace

Hilo nimelisikia hata kwa watembeza wageni wenyewe, wakiwa peke yao. Ndiyo maana mimi nazungumzia sanamu, sizungumzii mahandaki. Sanamu haijamdanganya mtu. Haisemi "mimi ni wa mwaka 1860". Ni ya juzi, imetengenezwa na Mswidi, inajulikana. Kitu pekee cha zamani pale ni chuma, na chuma hakina maneno.

---

Mwana wa Ng'ambo

Hilo nalo linaniuma. Kwamba mpaka atoke mtu Sweden. Sisi tuna mafundi wa milango wanaochonga maua na kupigilia misumari ya shaba mpaka mbao inataka kusema, lakini hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kumchonga bibi yangu.

(Na pengine angelichonga tungelimfukuza mtaani. Najua.)

---

Mama Irangi

Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Huwa nasoma tu humu, leo naandika.

Nimekulia Kondoa. Michoro ya mapangoni ya Kolo nadhani mmeisikia, Umoja wa Mataifa uliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Iko zaidi ya miamba mia na hamsini kule, si Kolo pekee. Yule mama Mzungu, Mary Leakey, alikaa huko mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja.

Tulipelekwa tukiwa darasa la sita. Unapanda mlima kwa miguu, viatu vya shule vinateleza, mwalimu anapiga kelele. Juu kuna mwamba umeinama kama paa, na ukutani kuna watu wekundu wembamba, warefu, hawana nyama. Kwenye mchoro mmoja yupo mwanamke katikati, na kila upande kuna watu wamemshika mikono. Mwalimu akasema, "Huyu anatekwa. Hawa wanamvuta huku, hawa wanamng'ang'ania." Hayo hakuyatunga yeye, ndivyo hata Leakey alivyouelewa.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu na mwezi ule ule binti wa jirani yetu alikuwa amechukuliwa njiani akitoka kisimani, ndoa ya nguvu. Kwa hiyo mimi sikuona mchoro, nilimwona yeye. Nilitetemeka mpaka mwalimu akadhani ni malaria, nikateremshwa mlimani nimeshikwa mkono, huku na huku. Mnaona? Nikalia zaidi.

Miaka ikapita. Nimeolewa Dodoma, nina watoto watatu. Wa mwisho alinitesa, nilijifungulia nyumbani kwa mama mkwe, gari halikufika. Walinishika wanawake wawili, mmoja kila mkono, na mwingine ananisemesha mbele. Nilikuwa nawavuta nao wananivuta. Anayejua anajua.

Mwaka jana nikampeleka wifi yangu Kolo. Nilikuwa hoi, nikaketi chini kabisa, mgongo kwenye jiwe, nikainua uso. Na mwanamke wangu yule, wekundu umepauka kidogo, bado wamemshika mikono. Nikasema kwa sauti, "Huyu hatekwi! Huyu anazaa!" Wifi akacheka, mlinzi akacheka. Mlinzi akasema kuna wengine wanaona ni ngoma, kwamba Wasandawe wana ngoma yao ya simbo ambayo mchezaji hupandisha na wenzake humshika asianguke. Inawezekana. Mimi sibishani na wasomi. Ila mikono ile naijua.

Niliposhuka nilikuwa mwepesi. Siyo furaha. Ni kama mtu amerudishiwa kitu alichokwapuliwa akiwa na miaka kumi na tatu.

---

Mama Irangi

Samahani, nimesahau jambo. Shangazi yangu yeye huenda kule na wazee kwa matambiko, kuomba mvua na kuwaombea wagonjwa. Pombe humiminwa, nyingine hurushwa mwambani. Watu wa makumbusho wanalalamika kwamba inaharibu michoro, na kweli inaharibu. Lakini nilipomuuliza shangazi mwanamke wa katikati ni nani, alinishangaa: "Mwanamke gani?" Miaka yote ile hajawahi kuutazama. Haendi kutazama, anaenda kuomba. Hili bado linanichanganya.

---

Kigoda cha Mbele

Mama Irangi, endelea kuandika humu tafadhali. Wengine tunaokaa vigodani ndio tunakula riziki yetu hapa.

---

Brashi Mbili

Nitawaharibia starehe. Mimi nachora tingatinga, Dar. Twiga, mlima Kilimanjaro, jua la chungwa, Wamasai wembamba watatu. Rangi ya mafuta, ile ile iliyokuwa ya kupakia baiskeli, haikauki upesi msimu wa mvua na inaumiza kifua. Twiga naweza kumchora huku naongea na simu. Sisikii kitu chochote. Nikisikia kitu, ni mgongo.

Mgeni anasimama mbele ya twiga wangu anasema moyo wake umejaa. Nashukuru, nafunga kwenye gazeti, nahesabu hela.

Kitu kimoja tu kimewahi kunishika. Kuna mzee alinialika kwake nikamrekebishie ubao uliopasuka pembeni, akanionyesha na mwingine, akasema huu ni wa Edward Saidi Tingatinga mwenyewe. Sikuwa na namna ya kuhakiki, kazi za kughushi ni nyingi mno. Lakini mkono ulikuwa mwingine, hilo naliapia.

Mnajua habari yake: mtu wa Tunduru, amekuja Dar kutafuta maisha, kibarua cha bustani, kibarua Muhimbili, anaanza kuchora mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi, anauza kando ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi usiku kwa kudhani ni mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora. Mimi nina kumi na saba.

Ule ubao ulikuwa na mnyama mmoja. Hakuna mlima, hakuna jua, hakuna Mmasai. Mnyama amejaa ubao mzima mpaka mkia umekosa pa kwenda ukajikunja. Huwezi kusema ni chui wala ni paka. Na jicho moja linakutazama kama limekukuta jikoni kwake.

Nilisikia wivu. Wivu mbaya, wa kutaka kuuacha ule ubao mwingine ulivyopasuka. Yeye hakuwa na wa kumwiga. Mimi namwiga anayemwiga anayemwiga yeye. Usiku ule nikajaribu kuchora mnyama mmoja, peke yake, bila mlima. Kipo kitandani chini. Hakiuziki na wala si kizuri.

---

Dereva wa Hiace

Kitoe chini ya kitanda, kaka. Weka picha.

---

Brashi Mbili

Sithubutu.

---

Katanga Moya

Jambo yenu bote. Miye niko mutu wa Lubumbashi, Kiswahili yangu ni ya kwetu, mutanisamehe.

Ile maneno ya shimo na munyororo inanikumbusha tablo ya kwa baba mukubwa. Kwetu mu miaka ya sabini, karibu kila nyumba ya mufanyakazi wa mugodi ilikuwa na tablo mu salon. Bafundi balikuwa banachora ku kitambaa ya mifuko ya unga, banazunguka nayo mu mitaa banauzisha. Bengine balipenda mamba muntu, ule mwanamuke wa mu maji, juu alete bahati na feza. Baba mukubwa hapana. Yeye aliweka Colonie Belge.

Kama haujaiona: mufungwa analala chini, nguo imeshushwa. Askari mweusi anamupiga fimbo. Pembeni muzungu anasimama, anavuta kiko, anaangalia tu. Bendera ya Ubelgiji iko juu. Kuko na banawake pale kando banalia. Tshibumba Kanda Matulu, fundi mukubwa wa kwetu, alichora sana hii, na historia ya inchi yote pia, tablo zaidi ya mia moya. Kisha, kuanzia mwanzo ya miaka ya 1980, hakuna mutu anajua alipotelea wapi.

Sasa fikirieni: kiti ya baba mukubwa ilikuwa chini ya ile tablo kabisa. Bazee bakikuja kunywa pombe, bananyoosha kidole kule juu, mazungumuzo inaanza. Na banacheka! Miye mutoto nilikuwa naogopa mpaka napita mu salon na macho chini, bo banacheka mpaka banakohoa. Mumoja anasema, "Miye nilipigwa makumi mbili." Mwingine anasema, "Makumi mbili ni ya batoto." Siku moya nikauliza, baba mukubwa, juu ya nini tunaweka mateso mu nyumba? Akasema, "Ni ukumbusho." Basi. Akarudia kunywa.

Na mujue miye sikuogopa muzungu. Sikuogopa ata fimbo. Nilimuogopa ule askari mweusi, juu uso yake ilikuwa sawa na ya baba mukubwa. Nilikua mukubwa kabisa ndiyo nikajua: baba yake, babu yetu, alikuwa askari wa Force Publique, jeshi ya Babeleji ya wakati wa ukoloni.

Baba mukubwa alikufa, bana banagawana vitu. Hakuna aliyetaka tablo. Niko nayo miye. Haijafika ukutani, iko nyuma ya kabati, ninaigeuza uso ku ukuta.

---

Mwana wa Ng'ambo

Katanga Moya, nimeisoma mara tatu. Na wewe una yako ya juu na ya chini.

---

Katanga Moya

Ndiyo, ndugu. Mu tablo moya.

---

Mnewala

Nitasema kifupi, niko kazini.

Sisi Wamakonde tuna lipiko, kinyago cha kuvaa kichwani wakati wa jando na unyago. Kinavikwa kichwa kizima, kina nywele za watu, chale za nta usoni. Nikiwa mdogo kijijini, lilipotoka lipiko tulikimbia kwelikweli, akina mama na sisi watoto. Siyo mtu yule, ni marehemu amerudi. Baadaye nikachezwa jando nikaambiwa siri, hofu ikabaki nusu.

Miaka ile nasoma Dar nikaenda Makumbusho ya Taifa, nikakutana nalo kwenye kioo. Taa juu, kikaratasi chini. Kuna watoto wa shule, wasichana kwa wavulana, wameweka pua kwenye kioo. Nilihisi kukimbia, nikajizuia, nikahisi kuwakimbiza wale wasichana, nikajizuia pia. Halafu nikacheka. Kwenye kioo walikuwa wameliweka wima, macho yananitazama mimi. Kumbe mwenye kulivaa hatazami kwa macho yale. Analivaa kwa kulilaza nyuma kidogo, anaona kupitia mdomoni. Wote pale walikuwa wanatazamana na macho yasiyoona kitu.

Kuna la kinyago kilichoibwa kwenye makumbusho hayo mwaka 1984, kikaibukia Geneva kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, wakakirudisha mwaka 2010. Watu walishangilia. Mimi nilikuwa nawaza kile kinyago miaka yote ile Uswisi, watu wanapita na makoti yao, hakuna hata mmoja wa kukikimbia.

---

Kigoda cha Mbele

"Hakuna hata mmoja wa kukikimbia." Mnewala wewe, rudi kazini, umeshatumaliza.

---

Profesa wa Kijiweni

Haya. Na mimi ninayo, msinicheke.

Nilikuwa machinga pale Posta, Dar, nauza vitana na chaja. Kituo changu kilikuwa upande wa nyuma wa Sanamu ya Askari. Mnaijua: askari wa shaba, bunduki yenye singe kaielekeza bandarini, iliwekwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo kwenye vita vya kwanza vya dunia. Kabla yake palikuwa na sanamu ya mkubwa wa Kijerumani, von Wissmann, ikang'olewa. Maandishi yake yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na za Kiarabu. Niliyasoma yote mara nyingi, wateja walikuwa wachache.

Mgambo wakija tunakimbia. Siku moja nikaanguka, wakachukua furushi lote, mtaji wa miezi minne. Nikakaa pale chini. Na yule jamaa kanigeuzia mgongo, anakimbilia bandarini na singe yake, hana habari. Nilimtukana. Nilimtukana kwa sauti, mtu mzima, namtukana shaba. Kisha nikaona buti zake. Fundi alikuwa amehangaika na vile vitambaa vya kuzungushia miguuni, mikunjo mmoja baada ya mwingine, mtu aliyefungwa miguu vizuri aende mbali. Wengi hawakurudi. Nikanyamaza.

Ndiyo hiyo. Na stoo ya dawa nairudisha, lieni tu.

---

Brashi Mbili

Profesa ana moyo! Mods wekeni uzi huu juu.

---

Dereva wa Hiace

Wakuu, nimerudi. Nimekawia kwa sababu nilikuwa na mgeni wangu mwenyewe safari hii.

Mama yangu amekuja kutoka Mbamba Bay, amekuja kutibiwa macho, mtoto wa jicho. Sisi ni watu wa Nyasa. Wanaojua historia wanajua misafara iliyotoka ziwani kwetu kwenda Kilwa na kutoka Kilwa kuja huku. Mama hajui tarehe wala Kilwa. Anajua kwamba kuna mji wa zamani ambao bibi yake alikataza kuutaja usiku.

Ijumaa sikuwa na safari. Nikampeleka. Sikumweleza chochote, na nilifanya hivyo makusudi, kwa ajili yenu, nije niwaambie. Mtembeza wageni mmoja, rafiki yangu, akataka kuanza maelezo, nikamkonyeza anyamaze.

Mama haoni vizuri kwa hiyo alienda hadi ukingoni kabisa. Akasimama pa mnunuzi, ndiyo, ila kama sekunde mbili tu. Akajifunga kanga vizuri kiunoni akateremka, akachuchumaa, kisha akaona haitoshi akapiga magoti. Mama yangu ana miaka sabini na sita. Akawasogelea uso kwa uso, akitafuta mwanga, kama anavyotafuta tundu la sindano.

"Ni watu?" akaniuliza.

Nikamwambia ni sanamu, mama.

"Najua ni sanamu. Nauliza, walikuwa watu?"

Nikasema walikuwa watu.

Akawageukia akasema, "Shikamooni."

Halafu akanyamaza, kichwa kakiinamisha upande mmoja, kama unavyofanya ukimwamkia mzee asiyesikia vizuri. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Wageni wawili nyuma yetu walikuwa wanasubiri nafasi ya picha, wakaacha.

Mwisho akaninyooshea mkono nimnyanyue, magoti yanamuuma, na akaniuliza kama kuna mahali pa kupata chai.

---

Mwana wa Ng'ambo

Mlete kwetu Ng'ambo anywe chai, kaka. Kesho baada ya alasiri. Nitawaambia nyumbani ni mgeni wa bibi.